Oksitosini: Kutoka Zizini Hadi Leba

Ng'ombe wa kienyeji hakamuliwi kwa nguvu. Mfugaji humfungulia ndama kwanza, anyonye mafundo machache huku akigonga kiwele kwa kichwa, na mama humnusa na kumlamba mgongo. Kisha ndama huvutwa na kufungwa karibu na mguu wa mbele wa mama yake, na hapo ndipo maziwa hushuka. Ndama akifa, ng'ombe hubana. Wanuer wa Sudan Kusini, ambao habari zao ziliandikwa na mwanaanthropolojia Evans-Pritchard katika kitabu chake cha mwaka 1940, walikuwa wakichuna ngozi ya ndama aliyekufa, wakaijaza majani makavu na kumwekea mama mbele ya pua ili aendelee kushusha. Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita Herodoto wa Ugiriki alieleza jinsi Waskithi wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi walivyokamua farasi: mmoja akipuliza kwa mrija wa mfupa kwenye uke wa farasi jike, mwenzake akikamua. Habari hiyo inaweza kuonekana ngano tu, lakini si ngano. Njia ya uzazi ikipanuliwa, ubongo hupata ishara yenye matokeo sawa na ile anayoipeleka ndama anaponyonya.

Nyuma ya mambo yote hayo ipo homoni moja iitwayo oksitosini, na historia yake inastahili kusimuliwa tangu mwanzo. Siku hizi inatajwa kila mahali kuwa homoni ya mapenzi, na watu wanauziwa vichupa vyake vya kupuliza puani wakiahidiwa kwamba watapendwa na kuaminiwa. Sifa hizo zimeifunika kazi yake ya kwanza, ile ya kumtoa mtoto tumboni, kuzuia damu ya mama isimwagike na kushusha maziwa. Zimewafunika pia watu waliogundua, hatua kwa hatua, kwamba kazi hiyo ya mwili haitenganishwi na namna mama anavyojisikia na anavyotendewa.

Mwaka 1895, jijini London, George Oliver na Edward Schäfer walitengeneza dondoo ya tezi za pituitari za wanyama na kuidunga kwenye mishipa ya wanyama wengine. Shinikizo la damu likapanda. Tezi hiyo haifiki hata gramu moja kwa uzito. Inaning'inia chini ya ubongo, nyuma ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa, na kazi yake ilikuwa bado fumbo. Miaka mitatu baadaye Mmarekani William Howell alionyesha kwamba nguvu ya dondoo hiyo imo katika sehemu ya nyuma ya tezi peke yake.

Aliyeihusisha tezi hiyo na uzazi alikuwa Henry Dale, na hakuwa akitafuta jambo hilo. Aliajiriwa mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 29, katika maabara za Wellcome huko Herne Hill, kusini mwa London. Tajiri wake, mfanyabiashara wa dawa Henry Wellcome, alimwomba achunguze ergoti, kuvu inayoota kwenye masuke ya nafaka ya rai. Wakunga wa Ulaya waliitumia kuongeza uchungu muda mrefu kabla ya madaktari kuichukua kutoka kwao. Ilikuwa dawa ya kuogopwa: kipimo kikizidi, mji wa mimba hukakamaa bila kulegea na mtoto hufia ndani.

Dale alikuwa akipima jinsi ergoti inavyobadilisha shinikizo la damu, na katika jaribio mojawapo alimdunga paka aliyelazwa kwa dawa ya usingizi dondoo ya pituitari ya ng'ombe. Paka yule alikuwa na mimba. Dale akaona mji wa mimba ukijikaza kwa nguvu. Aliliandika jambo hilo mwaka 1906 ndani ya taarifa ndefu juu ya ergoti, likichukua nafasi ndogo tu, kisha akalirudia kwa upana mwaka 1909. Mwaka huo huo William Blair-Bell, daktari wa wanawake huko Liverpool, alieleza jinsi alivyoitumia dondoo hiyo kwa akina mama ambao mji wao wa mimba ulilegea baada ya kujifungua. Mji wa mimba uliolegea ndio unaovuja damu. Ukijikaza, hubana mishipa iliyoachwa wazi pale kondo la nyuma lilipobanduka.

Habari zikaenea upesi mno. Ndani ya miaka michache madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiidunga hata kabla mtoto hajatoka, ili kuharakisha. Dondoo hizo hazikuwa na nguvu moja: chupa hii kali, ile hafifu. Wako wanawake waliopasuka mji wa mimba kwa uchungu uliozidishwa. Si haki kuisimulia historia hii kama mfululizo wa ushindi bila kuwataja, hata kama majina yao hatuyajui.

Dondoo ile ile ilikuwa na kazi nyingine pia. Mwaka 1913 Farini nchini Italia na von den Velden nchini Ujerumani, kila mmoja kivyake, waliwadunga wagonjwa wa aina ile ya kisukari isiyo na sukari kwenye mkojo, ambao hukojoa lita nyingi kila siku na kiu yao haikatiki. Mkojo ukapungua. Mji wa mimba, maziwa, shinikizo la damu, figo: yote hayo kutoka tezi moja? Jibu lilipatikana Detroit mwaka 1928, ambako Oliver Kamm na wenzake wa kampuni ya Parke, Davis waliitenganisha dondoo katika mafungu mawili. La kwanza lilikaza mji wa mimba, nalo likaitwa oksitosini. La pili lilibana mishipa ya damu na kuifanya figo irudishe maji mwilini. Hilo ni vasopresini. Homoni hizi mbili ni ndugu wa damu, na tutaziona tena pamoja.

Upande wa maziwa, wataalamu walichelewa kuliko wafugaji. Mwaka 1941 Fordyce Ely na W. E. Petersen, watafiti wa ufugaji nchini Marekani, walikata neva za nusu moja ya kiwele cha ng'ombe na kuiacha nusu nyingine nzima. Ng'ombe alipokamuliwa, maziwa yalishuka pande zote mbili. Kumbe kilichopeleka habari kwenye kiwele hakikupita kwenye neva zake. Kilikuja na damu. Kisha wakataka kujua hofu inafanya nini. Walimweka paka juu ya mgongo wa ng'ombe na kupasua mifuko ya karatasi kila baada ya sekunde 10 kwa dakika 2. Baadaye paka aliachwa, mifuko ikawa inatosha. Ng'ombe alibana. Alipodungwa adrenalini, homoni ambayo mwili huimwaga wakati wa hofu, alibana vile vile.

Miaka saba baadaye, mwaka 1948, lilichapishwa jaribio ambalo ningependa kila mkunga na kila mume alijue. Niles Newton alikuwa mama anayenyonyesha mtoto wa miezi 7; mumewe Michael alikuwa daktari. Walitaka kujua kama lililoonekana kwa ng'ombe lipo kwa binadamu, na hawakumtafuta mwanamke mwingine wa kumsumbua. Niles alijitoa mwenyewe. Mtoto alipimwa uzito kabla ya kunyonya na baada ya kunyonya, na tofauti ikawa ndiyo maziwa aliyoyapata. Siku nyingine mama aliachwa anyonyeshe kwa utulivu. Siku nyingine miguu yake ilitiwa kwenye maji ya barafu, au vidole vya miguu vilivutwa mpaka vikauma, au aliulizwa maswali ya hesabu yakiambatana na shoti za umeme. Katika siku hizo za usumbufu alidungwa sindano: mara ya maji ya chumvi yasiyo na dawa, mara ya oksitosini.

Siku za utulivu mtoto alipata wastani wa gramu 168 za maziwa. Siku za usumbufu na sindano ya maji ya chumvi alipata gramu 99. Siku za usumbufu na sindano ya oksitosini alipata gramu 153.

Namba hizo tatu ndizo kitovu cha historia hii. Maziwa yalikuwamo kifuani siku zote. Yangekosekana, sindano isingeyaleta kwa dakika chache. Kilichokosekana ni amri ya kuyatoa, na amri hiyo ilizuiwa na maumivu na bughudha. Mama ambaye maziwa hayamtoki huambiwa kwamba hali vizuri, hanywi uji wa kutosha, au hataki kunyonyesha kwa kuogopa kuharibu umbo lake. Ni wachache wanaouliza nani alimfokea asubuhi, au kama amepata usingizi. Niles Newton aliendelea na kazi hiyo maisha yake yote. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walionyesha kwamba hata panya aliye katikati ya kuzaa, akitolewa kiotani na kushikwa mkononi, hukawia kumzaa mtoto anayefuata.

Lakini amri yenyewe ilitoka wapi? Sehemu ya jibu ilikuwapo tangu 1928, ila haikukubaliwa. Mwaka huo Ernst Scharrer, mtafiti kijana wa Ujerumani, alichunguza kwa hadubini ubongo wa samaki mdogo, akaona katika eneo la haipothalamasi seli za neva zilizojaa vitone vya majimaji mazito, vya aina inayoonekana kwenye tezi. Akasema seli hizo ni neva na ni tezi pia. Wakubwa wa fani walimpinga, maana kwao neva zilikuwa na kazi yake na tezi zilikuwa na yake. Mwaka 1937 yeye na mkewe Berta waliihama Ujerumani ya Wanazi na kuhamia Marekani. Berta alikuwa na shahada ya uzamivu kama mumewe, ila miaka mingi hakupewa ajira ya mshahara. Akachunguza mende, wadudu wanaopatikana bila kulipiwa fedha, na ndani yao akakuta seli za namna ile ile. Mwaka 1951 Ernst Scharrer na Wolfgang Bargmann waliandika kwa pamoja ushahidi uliofunga mjadala: homoni za nyuma ya pituitari hutengenezwa na neva za haipothalamasi, huteremka ndani ya nyuzi ndefu za neva hizo, na kungoja mwishoni mwake. Pituitari ya nyuma ilikuwa ghala. Aliyetengeneza bidhaa na kutoa amri ya kuifungua alikuwa ubongo.

Hapo ng'ombe anayenusa ndama, mama anayesikia mwanawe analia na maziwa yakalowesha gauni kabla hata hajamshika, na yule aliyetiwa miguu kwenye barafu, wote wakapata maelezo mamoja. Harufu, sauti, mguso, maumivu na woga huishia kwenye ubongo, na ubongo huo ndio uliokamata ufunguo wa ghala.

Kemia nayo ilikuwa inakaribia. Vincent du Vigneaud, katika chuo cha tiba cha Cornell jijini New York, alikuwa ameifuatilia homoni hiyo tangu miaka ya 1930, akianza na pituitari za mifugo wa machinjioni. Mwaka 1953 alitangaza muundo wake: asidi-amino 9, sita kati yake zikiwa zimefungwa katika duara na tatu zikining'inia mkiani. Vasopresini nayo ina 9, na inatofautiana na oksitosini kwa mbili tu. Mbili hizo zinatosha kuitenga homoni ya leba na homoni ya figo. Du Vigneaud na wenzake wakaiunda oksitosini maabarani, ikawa homoni ya kwanza ya aina yake kutengenezwa na binadamu. Walipowadunga akina mama waliotoka kujifungua takriban sehemu moja ya milioni ya gramu, maziwa yalianza kutoka ndani ya sekunde 20 hadi 30, sawasawa na ilivyokuwa kwa homoni asilia. Mwaka 1955 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwa akina mama jambo kubwa lilikuwa jingine: sasa dawa ingekuwa na nguvu moja katika kila chupa.

Kwa robo karne iliyofuata oksitosini ilibaki homoni ya wakunga. Kisha mwaka 1979 Cort Pedersen na Arthur Prange wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliitia moja kwa moja ndani ya ubongo wa panya majike ambao hawajawahi kuzaa. Kwa kawaida panya wa namna hiyo huwakimbia watoto wachanga, na pengine huwang'ata. Baada ya dawa wapo waliowajengea kiota, wakawabeba kwa mdomo, wakawalamba na kuwalalia, hasa wale ambao homoni ya estrojeni ilikuwa juu mwilini mwao. Nchini Uingereza Keith Kendrick, Barry Keverne na Basil Baldwin walifanya jambo linalofanana kwa kondoo mwaka 1987. Kondoo ni mkali kwa mtoto asiye wake. Humjua wake kwa harufu ndani ya saa chache baada ya kuzaa, na wengine huwapiga kichwa. Majike ambao hawakuwa na mimba walipotiwa oksitosini ubongoni waliwapokea wana-kondoo wa wenzao. Keverne alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1983 kwamba kupanua njia ya uzazi kwa mkono kulileta matokeo hayo hayo. Mrija wa mfupa wa Waskithi ulikuwa umepata maelezo.

Kutoka kwa mama na mtoto, watafiti walihamia kwa mume na mke, na njia ilipita kwenye mashamba ya jimbo la Illinois. Kuanzia mwaka 1972 Lowell Getz alikuwa akitega panya wadogo wa mbugani, wenye mkia mfupi na manyoya ya kahawia, ili ajue kwa nini idadi yao hupanda na kushuka. Mitego yake ilikuwa ya kumnasa mnyama mmoja mmoja akiwa hai. Hata hivyo, mara kwa mara alimkuta dume na jike pamoja ndani ya mtego, na walipoachiwa na kunaswa tena, walikuwa wawili wale wale. Mamalia wanaoishi hivyo ni wachache. Getz alimshirikisha Sue Carter, mtaalamu wa homoni aliyefanya kazi naye chuo kimoja, na taarifa yao ya pamoja na Bruce Gavish ilitoka mwaka 1981. Dume na jike hao wakishapandana hukaa pamoja, hulea watoto pamoja, baba akiwakumbatia na kuwalamba kama mama. Mmoja akifa, wengi wa waliobaki hawachukui mwenzi mwingine.

Binamu zao wa milimani magharibi mwa Marekani huishi kila mmoja peke yake. Mwaka 1992 Thomas Insel na Lawrence Shapiro walilinganisha bongo za panya hao wawili. Kiasi cha homoni hakikuwa siri ya tofauti yao. Tofauti ilikuwa kwenye vipokezi, yaani zile sehemu za seli zinazoidaka homoni inapopita. Panya wa mbugani wanavyo kwa wingi katika maeneo ya ubongo yanayohusika na raha na tamaa. Wa milimani wanavyo kwingine. Majike wa mbugani walipotiwa oksitosini ubongoni walimshikilia dume waliyekaa naye hata bila kupandwa. Madume walifanya hivyo kwa vasopresini, ile ile ya figo. Mwaka 2004 Miranda Lim na Larry Young, pamoja na wenzao, walipandikiza jeni ya kipokezi cha vasopresini katika ubongo wa dume wa jamii nyingine ya panya isiyokaa wawili wawili, naye akaanza kumpendelea jike aliyekaa naye.

Ni simulizi nzuri, na kwa uzuri wake ilitoka maabarani kabla haijakomaa. Watu walisikia kwamba mapenzi yamepatikana kwenye chupa. Hawakusikia kwamba vipimo vya vinasaba vilionyesha baadhi ya watoto wa panya hao "waaminifu" wana baba mwingine. Kukaa pamoja, kulea pamoja na kutokwenda nje ni mambo matatu tofauti, hata kwa panya.

Mwaka 2005 wanauchumi wa Zürich, wakiongozwa na Michael Kosfeld, waliandika kwamba wanaume waliopuliziwa oksitosini puani walikuwa tayari zaidi kumkabidhi mtu wasiyemjua fedha zao katika mchezo wa kuaminiana. Jaribio hilo ndilo lililozaa biashara ya vichupa. Mwaka 2020 kundi la Carolyn Declerck, huko Antwerp, lililirudia kwa watu wengi zaidi, na tofauti iliyotarajiwa haikuonekana. Kwa wazazi wa watoto wenye usonji matumaini yalikuwa makubwa zaidi, nami siwalaumu. Mzazi anayemwita mwanawe na mtoto hageuki atajaribu chochote. Ndiyo maana matokeo ya mwaka 2021 yaliwauma: watoto 290 wa miaka 3 hadi 17 walifuatiliwa kwa wiki 24, na waliopuliziwa oksitosini hawakuwa na nafuu ya kijamii kuliko waliopuliziwa dawa ya bandia.

Kisha Januari 2023 likaja jambo lililowashtua hata wataalamu. Kundi la Devanand Manoli wa San Francisco na Nirao Shah wa Stanford lilizalisha panya wa mbugani wasio na kipokezi cha oksitosini kabisa, kwa kukata jeni yake tangu wakiwa viinitete. Kwa yote yaliyoandikwa kwa miaka 30, panya hao hawakupaswa kushikamana. Walishikamana. Dume na jike walikaa pamoja, wakawalea watoto. Maziwa ndiyo yalipungua: akina mama hao walifanikiwa kuwakuza watoto wachache, tena wadogo kwa umbo. Mwaka 1996 panya wa maabara walioondolewa jeni ya oksitosini walikuwa wameshatoa ushahidi wa namna hiyo. Walizaa, waliwatunza watoto, lakini watoto walikufa na matumbo matupu kwa kuwa maziwa hayakutoka.

Hii haimaanishi kwamba oksitosini haihusiki na upendo. Mnyama aliyekuzwa bila kitu tangu tumboni hupata njia nyingine, na ubongo una njia nyingi: vasopresini, dopamini, na zile kemikali za mwili zinazofanana na afyuni. Mshikamano wa viumbe umefungwa kwa kamba kadhaa. Ninachokiona mimi ni kwamba tulichukua homoni ambayo ushahidi wake mzito uko kwenye titi na mji wa mimba, tukaipa kazi ya kutupatanisha na wageni, na wakati huo huo wanawake wakaendelea kuvuja damu.

Turudi leba basi. Mwaka 1980 Roberto Sosa, John Kennell, Marshall Klaus na wenzao walichapisha utafiti kutoka hospitali moja ya Guatemala. Desturi ya hospitali ilikuwa mama kukaa leba peke yake. Watafiti waliwapa baadhi ya akina mama mwanamke wa kukaa nao, ambaye hawakuwahi kumjua kabla. Hakuwa muuguzi, kazi yake ilikuwa kuzungumza nao, kuwasugua mgongo na kuwashika mkono. Kwa akina mama wasiopata matatizo, muda kutoka kupokelewa hadi kujifungua ulikuwa saa 19.3 kwa waliokuwa peke yao na saa 8.8 kwa waliokuwa na mwenzao. Hao wa pili waliwapapasa watoto wao zaidi, wakawachekea na kuzungumza nao zaidi. Utafiti huo haukuchota damu kupima oksitosini, kwa hiyo hauwezi kusema ni homoni gani ilifanya nini. Lakini ukiusoma baada ya ng'ombe wa Ely na miguu ya Niles Newton, huwezi kushangaa. Bibi zetu walizalishwa katikati ya shangazi, wakwe na wakunga wa jadi. Wodi nyingi za leo za Afrika Mashariki humwacha mama aingie peke yake, ndugu wakabaki nje, na kuna wanaofokewa wakiwa kwenye uchungu. Kumfokea mama leba ni kuugusa ubongo wake katika saa ambayo mwili wake mzima unaungoja.

Damu ndilo jambo la mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka 2023 kwamba wanawake wapatao milioni 14 huvuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua kila mwaka, na takriban 70,000 hufa. Kinga inayopendekezwa ni sindano ya oksitosini, uniti 10, mara tu mtoto anapotoka. Tatizo ni kwamba dawa hiyo inataka nyuzi 2 hadi 8 za selisiasi. Zahanati ambayo umeme hukatika, au ambayo friji yake ni ya chanjo tu, huenda ikamdunga mama dawa iliyokwisha kuharibika kwa joto, na hakuna atakayejua mpaka mji wa mimba ukatae kujikaza. Mwaka 2018 jaribio la WHO kwa wanawake 29,645 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, lilionyesha kwamba karbetosini isiyoharibiwa na joto, dawa iliyoundwa kwa kufuata muundo wa oksitosini, inazuia kuvuja damu kwa kiwango kinacholingana nayo. Mwongozo wa WHO wa mwaka huo uliikubali kwa kinga tu. Damu ikishaanza kumwagika, kinachotakiwa bado ni oksitosini na friji yake.

Mei 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la E-MOTIVE, lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kwa muda mrefu mkunga alikadiria damu kwa macho, akitazama shuka na sakafu, na macho hukosea. Katika nusu ya hospitali hizo mama aliwekewa chini ya makalio plastiki yenye mfuko na mistari ya kupimia. Damu ikifika mstari wa tahadhari, mkunga hukanda tumbo ili mji wa mimba ujikaze, hutoa oksitosini, hutoa dawa ya kugandisha damu, hufungua dripu, na humchunguza mama kutafuta palipochanika. Kuvuja damu kuligunduliwa kwa asilimia 93 ya waliovuja, dhidi ya asilimia 51 katika hospitali zilizobaki na utaratibu wa zamani. Waliofikia hali ya hatari walikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3. Hakuna dawa mpya hata moja iliyotumika. Kilichobadilika ni kipimo kinachosomeka, na wauguzi waliofundishwa kuyafanya yote kwa mkupuo badala ya kungoja moja lishindikane ndipo wajaribu lingine.